Mlango Huhesabiwa Siku Gani

Mercy ameniomba niandike kurasa chache kwa ajili ya vijana wanaojifunza ukaguzi wa hesabu ofisini kwake Mombasa. Anasema nisimulie nilivyofanya kazi, nisiwe na haraka, na niwe mkweli. Mercy ana moyo mzuri, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi kwake. Angalikuwa mbaya ningalipumzika. Nimestaafu, au niseme kazi ndiyo iliyonistaafu, kwa kuwa kampuni yetu imefungwa na ufunguo wa kufuli hatunao sisi. Nakaa nyumbani Wiyoni, hapa Lamu, nafasi ninayo, basi nitaandika. Vyeo na mishahara nitaviacha, havikuwa vya kusimuliwa. Nitasimulia habari za milango, na hasa mlango mmoja wa Bi Mwanaisha wa Pate, ambao alinyang'anywa akiwa amekaribia kumaliza kuulipia, na mwenye makosa ni mimi.

Siku yangu ya kwanza niliambiwa nifagie vumbi. Kampuni ya Bwana Abdalla ilichonga milango, vitanda na masanduku. Mafundi walikuwa chini, ofisi ilikuwa juu, na sakafu ya mbao iliyotutenga nao ilikuwa na nyufa za kupitisha kidole. Unga wa mbao ulipanda kutwa. Karani mkuu, Bwana Shee, alinipa unyoya wa kuku akanionyesha namna ya kufagia ukurasa wa leja kabla ya kushika kalamu. "Vumbi likikaa, wino hutanda," aliniambia, "na moya ikawa saba." Cheti changu cha uhasibu nilikuwa nimekikunja vizuri ndani ya mkoba. Hakuna aliyeomba kukiona. Meza yangu aliiweka nyuma ya kabati, na alinieleza sababu bila kuona aibu: "Mbele ya msichana mtu haoni raha kupatana bei. Atakubali tu, kisha atatulaani ndiani."

Somo la pili nililipata nikichungulia pembeni mwa kabati hilo. Mteja alikuja, akaketi, akanywa kahawa, akataja upana wa ukuta wake, mbao anayoitaka na maua anayoyataka kwenye miimo. Wakapatana bei. Bwana Abdalla akainua mikono, mteja akainua yake, Bwana Shee akaweka kalamu chini akainua yake, wakasoma fatiha, wakasema amina. Mteja akaacha arubuni, akaenda zake. Bwana Shee akafungua leja akaandika upande wa mauzo bei yote ya mlango, si ile arubuni tu, na pembeni akatia herufi fa ndogo kwa wino mwekundu.

"Bwana Shee," nilimwuliza, "mlango wenyewe uko wapi?"

"Uko mtini."

"Na mti?"

"Uko mwituni. Lakini ushauzwa."

Nikamwambia kwamba katika vitabu nilivyosomea mtihani, kitu huhesabiwa kimeuzwa pale mnunuzi anapokipokea. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgeni aliyeingia msikitini na viatu. "Hao walioandika hizo buku zako hawana fatiha," akasema. "Mtu ametoka hapa amesema amina. Atarudi nyuma ende wapi?"

Nataka mjue kwamba hakuwa mjinga. Nilikaa miaka na miaka nikimtafuta mteja aliyesema amina kisha akageuka, na sikumpata. Mmoja alifariki mlango ukiwa nusu, na wanawe walileta salio kabla ya arubaini yake. Mwingine nyumba yake ilibomoka, akauchukua mlango vilevile, akauegemeza kwa nduguye. Juu ya wateja, Bwana Shee alikuwa mkweli. Lile ambalo hakujiuliza, wala mimi sikujiuliza, ni kama sisi hatutageuka.

Alipokufa nilirithi kiti, wino mwekundu na unyoya. Kabati likaondolewa, kwa kuwa sasa nilikuwa mtu mzima na hakuna aliyenionea haya tena. Nikaendelea kuandika fa. Kila mwisho wa mwaka faida ilikuwa ya kupendeza, Bwana Abdalla akagawana na nduguze, na mkaguzi wetu wa siku hizo, mzee mmoja mpole, akaja na boti ya mchana, akala samaki wa kupaka, akalala, akaamka akatia sahihi. Sikuwahi kuona hesabu zikikaguliwa kwa amani kama zile.

Ulipochukuliwa mkopo wa benki kununua mashine za kupasulia mbao, sharti moja lilikuwa kwamba kila mwaka kampuni ionyeshe faida ya kutosha kubeba riba. Tulicheka. Faida tulikuwa nayo, ilikuwa imeandikwa.

Lakini mbao zilianza kuadimika. Kibali kilichelewa, bei ikapanda, na bei ya mlango ilikuwa ileile iliyosomewa fatiha. Huwezi kumwongezea mtu bei juu ya amina. Ikawa arubuni ya mlango wa leo inanunua mbao za mlango wa mwaka juzi. Foleni ikarefuka. Kila tulipozidi kuchelewa tulizidi kuhitaji wateja wapya, na kila mteja mpya aliingia kwenye mauzo siku ileile, faida ikapanda. Kadiri tulivyozama ndivyo leja ilivyonenepa. Niliona. Msije mkasema mzee wa watu hakuona. Niliona, na kila asubuhi nilifagia ukurasa kwa unyoya nikaandika.

Ni katika miaka hiyo alipokuja Bi Mwanaisha. Ni mjane, mkulima wa tumbaku, mkubwa kwangu kwa miaka kadhaa, na ana binti mmoja, Maryamu. Kwetu mzazi humjengea binti nyumba kabla hajaolewa, na Bi Mwanaisha alikuwa akiijenga ile ya Maryamu chumba baada ya chumba, kwa mavuno baada ya mavuno. Alitaka mlango wa mbambakofi kama ule wa nyumba ya bibi yake ulioliwa na mchwa. Hakuwa na picha. Alimchorea fundi wetu mkuu, Kassim, maua yake kwa kidole juu ya vumbi la meza, na Kassim akayanakili kwenye karatasi kabla hayajafutika. Tukasoma fatiha wanne, yeye, Bwana Abdalla, Kassim na mimi. Mlango ukaandikwa umeuzwa siku hiyohiyo.

Tangu hapo akawa anakuja kila akiuza tumbaku, fedha zimefungwa kwenye ncha ya leso. Nilimwandikia stakabadhi, akaikunja bila kuitazama, maana kusoma hajui. Aliuliza neno moja tu kila mara: "Utakuwa tayari kabla ya arusi?" Nami nilimjibu inshallah, na nilikuwa nikimaanisha inshallah.

Kisha benki ikataka mkaguzi mwingine. Akaja Mercy, binti wa bara, mwembamba, na viatu ambavyo vichochoro vyetu vilivimaliza kwa siku moja. Hakula samaki. Alisema atakula akimaliza, na nilipomsikia nikajua mambo yameharibika. Alichukua leja akaenda nayo chini, akasimama kati ya mafundi, akaanza kutafuta milango kwa macho.

Aliporudi juu aliniuliza, "Bi Zuhura, hii alama nyekundu ni ya nini?"

"Ni fatiha."

"Fatiha ni risiti ama ni mkataba?"

"Ni fatiha."

Akaandika kitu. Kisha akanieleza kwa upole, na upole wake nausikia mpaka leo. Kanuni za sasa zimekazwa, alisema. Zinakuuliza hatua kwa hatua: mlimwahidi mteja nini, kwa bei gani, na ni lini kitu kile kiliingia mkononi mwake. Kabla ya siku hiyo hayo si mapato. Fedha alizotanguliza ni zake bado, ninyi mnadaiwa.

"Hata zile za zamani hazikukubali hivi," akaongeza. "Ni vile tu hakuna mtu aliuliza. Sasa ni lazima niulize."

Kazi ile ilichukua siku tatu. Tulipitia fa moja moja. Mlango uliokabidhiwa ulibaki; ambao haujakabidhiwa aliutoa kwenye mauzo na kuupeleka upande wa madeni. Nilikuwa nikimsomea, yeye anaandika kwenye kompyuta, na kila herufi nyekundu niliyoisoma ilikuwa mkono wangu mwenyewe au mkono wa Bwana Shee. Mwishowe akaigeuza kompyuta nione. Faida ya mwaka ule haikuwapo. Ya mwaka uliotangulia nayo haikuwapo. Tulikuwa na hasara iliyoanza tangu siku nyingi, na yale ambayo Bwana Abdalla na nduguze waligawana yalikuwa arubuni za watu. Tumekula milango ambayo haijachongwa. Nilishuka chini nikakaa juu ya gogo la mbambakofi, nikalia, na mafundi wakajifanya wanatafuta patasi zao.

Bwana Abdalla alimwuliza Mercy, "Yani siswi ni wezi?"

"Hapana, Bwana. Mlihesabu mapema."

"Fatiha ilisomwa."

"Naamini. Lakini siwezi kukagua fatiha."

Nisimdhulumu Mercy. Hakutuacha hivyo, alitafuta njia, na kanuni zenyewe zilikuwa nayo. Mlango unaochongwa kwa ukuta wa mtu mmoja na kwa maua ya mtu mmoja, ambao hauwezi kuuzwa kwa mwingine, unaweza kuhesabiwa kidogo kidogo kadiri unavyochongwa, ila pawe na karatasi. Karatasi iseme kwamba mteja atalipia kazi iliyofikiwa hata akijitoa, na kwamba mbao zilizokwisha kuchongwa kwa ajili yake ni zake tangu zikiwa karakanani. Akaiandika mwenyewe, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi. Kila mteja wa foleni aitie sahihi, na pengine hesabu zingesimama kiasi cha kuinyamazisha benki. Wateja walikuwa kumi na mmoja.

Bwana Abdalla aliisoma mara mbili akairudisha. "Mtu amesema amina nami, kisha nimpeleke karatasi? Ni kumwambia amina yake haitoshi. Afadhali kampuni ife." Maneno hayo huwa mazuri mdomoni. Baada ya juma moja, barua ya benki ilipofika, aliniambia bila kunitazama, "Enda wewe, Bi Zuhura. Mimi uso huo sina."

Nikaenda. Hapa mjini sita walitia sahihi. Mmoja alitia na kuniuliza kama aniitie na mashahidi pia, au Mola peke yake anatosha. Mwingine alitia sahihi, na tangu siku ile mkewe hanisalimu. Wanne walikataa. Mmoja wao aliniambia taratibu, "Shee angelikuwa hai usingeliniletea haya," akaufunga mlango, mlango tuliomchongea sisi. Alibaki Bi Mwanaisha.

Nilikwenda Pate na boti ya asubuhi, maji yakiwa yamejaa, nikashuka Mtangawanda, nikaenda kwa miguu na karatasi mkobani. Bi Mwanaisha alinipokea kama dada yake. Alinipeleka kwanza kuiona nyumba ya Maryamu. Kuta zilikuwa zimepakwa chokaa, na pale pa kuingilia pametundikwa jamvi. "Hapa ndipo," akasema, na akaliinua jamvi kwa mkono mmoja kunionyesha upana, kana kwamba mimi siujui. Kisha akanikalisha, akaniandalia wali na mchuzi wa papa, akakaa kunipepea nikila.

"Kuna yambo, Zuhura mwanangu? Hukuya Pate bure."

Mkono wangu ulikuwa tayari ndani ya mkoba, ukiwa umeishika karatasi. Nikamkumbuka yule wa mjini na mlango wake. Nikaona uso wa mama huyu ukibadilika na pepeo ikisimama.

"Hakuna, Bi," nikasema. "Nimekuja kukutazama tu."

Alifurahi sana. Alinifungia kaimati za kula botini. Na nilipofika Lamu nilimwandikia Mercy kwamba mteja wa Pate sikumkuta. Katika miaka yangu yote ya kushika kalamu, hata zile fa niliziandika nikiziamini, au nikijilazimisha kuziamini. Huo ndio uongo pekee nilioandika nikijua ni uongo.

Hesabu zilitoka na hasara yake wazi. Karatasi sita hazikutosha kuiziba, na ya saba, sijidanganyi, isingaliiziba pia. Benki ikaudai mkopo wote, na fedha za kulipa hazikuwapo. Wale nduguze Bwana Abdalla waliokuwa wakigawana faida hawakuonekana. Mtu wa benki akaja kuorodhesha mali, na kwa kuwa mimi ndiye niliyejua kila kitu kilipo, mimi ndiye niliyemshikia taa ya karakana.

Waliokuwa na karatasi waliitwa wakachukua vya kwao: huyu mwimo mmoja, huyu mbao mbili zilizoanza maua. Havikuwa vingi, lakini walitoka na kitu. Mlango wa Bi Mwanaisha ulikuwa umesimama ukutani, umekwisha, umebaki kupakwa mafuta tu. Kassim alikuwa ameuharakisha kwa ajili ya arusi, siku za mwisho akifanya kazi bila mshahara. Maua yalikuwa yaleyale ya vumbi la meza.

"Huu umekabidhiwa?" akauliza mtu wa benki.

"Bado," nikasema.

"Umelipiwa?"

"Umebaki kidogo sana."

"Kuna mkataba?"

Kassim akanitazama. Alijua nimekwenda Pate, yeye ndiye aliyenifikisha gatini.

"Hakuna," nikasema.

"Una fatiha huo," akasema Kassim.

Yule bwana hakuwa mkorofi. Alimwitikia Kassim kwa kichwa, akaandika: mlango mmoja, mkubwa. Kwa fedha alizolipa, Bi Mwanaisha akaingizwa kwenye orodha ya wanaoidai kampuni, mahali pa chini, ambako hakuna kinachofika. Mlango ukauzwa bara, kwenye hoteli. Nasikia wameupigilia ukutani kwa mapambo, na nyuma yake ni matofali. Mauzo yake yaliandikwa siku ileile mnunuzi alipoupokea, sawasawa na kanuni.

Mercy atataka niwaachie neno la kuwafaa. Sina. Kanuni ilikuwa ya haki, na ndiyo maana sina hata wa kumlaani. Ilisema fedha zile ni za watu, na zilikuwa za watu. Tungaliifuata tangu mwanzo tungaligundua mapema kwamba hatuna faida, tukachonga milango michache na kuimaliza. Imetufikia tukiwa tumechelewa, na wa kulipia kuchelewa huko amekuwa ni mama wa tumbaku ambaye hajawahi kuiona leja. Usiku najiambia nilikuwa karani tu. Asubuhi siamini tena.

Mwezi uliopita alikuja hapa Wiyoni. Sikumtarajia. Maryamu ameshaolewa, na pale palipokuwa na jamvi wamepiga mabati. Aliketi, akakataa chakula, akaomba maji.

"Nimeambiwa wenye karatasi wamepewa mbao zao," alisema. "Mimi mbona hukuniletea?"

Nilifikiri kumdanganya kama nilivyomdanganya Mercy. Lakini nilikuwa nimechoka.

"Niliileta, Bi. Ilikuwa mkobani."

"Lini?"

"Siku ile niliyokula kwako."

Aliweka maji chini.

"Basi mbona hukuitoa?"

"Niliona haya. Fatiha tulikuwa tumeshaisoma. Niliogopa utasema sikuamini."

Bi Mwanaisha alinitazama kwa mshangao wa kweli, bila hasira, na hasira ningaliweza kuibeba.

"Ungelinambia tia dole, ningelitia, mwanangu," akasema. "Kwani dole lina nini?"

Akaninyooshea mkono, akanionyesha kidole gumba chake, cheusi kwa utomvu wa tumbaku.